Fomu Inayopotea Njiani: Kutafuta Hitilafu za Fomu za Tovuti Katika Simu za Vitufe

Miongoni mwa malalamiko yanayowafikia mafundi wa kompyuta katika ofisi zetu, machache ni magumu kuchunguza kama lile la mwananchi asemaye, "Nilijaza fomu, nikabonyeza Tuma, lakini jina langu halimo." Fundi hufungua tovuti ile ile kwa kompyuta ya mezani, akajaza fomu ile ile, na fomu ikafika bila kikwazo. Basi huandika katika daftari lake kwamba tatizo ni la simu ya mlalamikaji, na shauri huishia hapo. Ikiwa fomu hiyo ilikuwa ya kuomba mkopo wa masomo, au ya kuandikishwa ili kupata mbegu, na siku ya mwisho imekwisha kupita, mwananchi huyo amepoteza nafasi yake kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno "tatizo ni la simu" si jibu, bali ni mahali pa kuanzia kuuliza. Fomu hupita katika vituo kadhaa tangu kidole kinapobonyeza kitufe hadi karani anapoiona katika orodha, na karibu kila kituo huacha alama yake. Kazi ya mchunguzi ni kutambua kituo cha mwisho ambacho fomu ilionekana ikiwa salama.

Kwa simu za vitufe tunakusudia zile ambazo watu huziita vitochi: zenye kioo kidogo, vitufe vya namba, na betri inayokaa siku kadhaa. Kwa upande wa Intaneti simu hizi si za namna moja. Ziko zenye kivinjari chepesi cha kiwandani (kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za tovuti). Ziko zinazotumia Opera Mini, ambayo ina tabia zake za pekee. Tena ziko zinazoendeshwa na KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS na ulioingia sokoni tangu 2017, kama vile Nokia 8110 4G ya 2018. Kila namna ina magonjwa yake, na anayezichanganya atachelewa kupata dawa.

Fomu ni nini hasa?

Fomu ya tovuti si kitu kipya. Maelezo yake yamo katika toleo la 2.0 la lugha ya HTML, lililotolewa Novemba 1995, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa humo inafanya kazi hadi leo. Jambo hili lina faida kwa mchunguzi, maana hata simu hafifu inayoweza kufungua ukurasa wa kawaida wa HTML inaifahamu fomu ya 1995. Hitilafu nyingi tutakazozieleza hutokana na yale yaliyojengwa baadaye juu ya msingi huo.

Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kutuma, kivinjari hukusanya majina ya nafasi za fomu pamoja na yale yaliyojazwa humo, huyaunga kuwa mstari mmoja wa herufi, kisha huupeleka mstari huo kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Tuchukue mfano wa mfugaji wa Mto wa Mbu, katika Mkoa wa Arusha, anayejaza fomu yenye nafasi tatu. Mstari wake utakuwa hivi (namba ya simu tumeijaza sifuri ili isiwe ya mtu yeyote):

mahali=Mto+wa+Mbu&mfugo=ng%27ombe&simu=%2B255000000000

Msomaji autazame kwa makini, kwa kuwa tutaurudia. Alama ya & hutenga nafasi moja na nyingine. Pengo kati ya maneno limegeuzwa kuwa alama ya kujumlisha. Kadhalika, kila alama iliyo na kazi maalumu, au isiyo ya kawaida, imeandikwa kwa alama ya asilimia ikifuatwa na namba yake katika hesabu ya kizio cha 16. Alama ya king'ong'o katika neno ng'ombe ni namba 39 katika orodha ya herufi za kompyuta. Na 39 ni 16 mara mbili, ukiongeza 7, ndiyo maana imeandikwa %27. Alama ya kujumlisha iliyo mwanzoni mwa namba ya simu ni namba 43, yaani 16 mara mbili na 11. Na kwa kuwa katika kizio cha 16 kumi na moja huandikwa B, tunapata %2B. Mwenye kalamu na ahesabu herufi za mstari wote: atapata 54. Kivinjari huitaja hesabu hiyo kwa seva kabla ya kupeleka mstari wenyewe, na seva hukaa ikisubiri herufi 54, si pungufu. Mawasiliano yakikatika kwenye herufi ya 40, seva haina fomu. Ina kipande tu.

Mstari huu waweza kupelekwa kwa njia mbili. Kwa njia iitwayo GET, hubandikwa mwishoni mwa anwani ya ukurasa baada ya alama ya kuuliza, na kila mtu aweza kuuona. Kwa njia ya POST, hufungwa ndani ya ombi kama barua ndani ya bahasha. Fomu za kuandikisha watu hutumia POST, na ndiyo tutakayoishughulikia.

Swali la kwanza

Kila seva ya tovuti ina daftari la wageni. Kila ombi linapofika, seva huandika mstari mmoja: saa, anwani lilikotoka, njia iliyotumika, ukurasa ulioombwa, na namba ya jibu lililotolewa. Fundi anayeanza kwa kuichezea simu ya mlalamikaji amekosea mlango; daftari hili ndilo la kufunguliwa kwanza. Amwulize mlalamikaji alituma fomu saa ngapi, kisha atafute saa hiyo. Je, ombi la POST limo au halimo?

Swali hili moja hugawa tatizo lote katika nusu mbili. Kama ombi halimo, hakuna haja ya kukagua hifadhidata wala programu inayopokea fomu, kwa sababu fomu haikufika huko. Kama limo, hakuna haja ya kulaumu mnara wa simu. Nimeshangaa mara nyingi kuona watu wenye shahada wakitumia siku nzima katika nusu isiyohusika, ilhali daftari lilikuwapo na halikufunguliwa.

Pamoja na daftari, mchunguzi ajitengenezee ukurasa ambao wanafunzi wangu wanauita kioo. Kioo ni programu fupi katika seva ya majaribio, ambayo hupokea chochote na kukirudisha kama kilivyo: njia iliyotumika, maelezo ya kivinjari, na mstari wa fomu herufi kwa herufi, bila ya kuutafsiri. Fomu yake ya kwanza iwe na nafasi moja na kitufe kimoja. Simu ikiituma vema, ongeza nafasi ya tarehe. Ikipita, ongeza programu ya ukurasa. Na kadhalika, kitu kimoja kimoja. Siku simu itakaposhindwa, kosa limo katika kitu cha mwisho kilichoongezwa.

Ombi lisiloondoka

Tuseme daftari linaonyesha kwamba simu iliomba ukurasa wenye fomu, ikapewa, na baada ya hapo ni kimya. Hakuna POST. Mwananchi naye anasema alibonyeza Tuma mara tatu, na hapakutokea kitu.

Aghalabu chanzo ni kwamba fomu ile si fomu. Mtengenezaji amechora kisanduku chenye neno Tuma, na kazi yote ya kukusanya na kupeleka ameiachia programu ya JavaScript. Katika kompyuta mpya hakuna atakayejua tofauti. Katika kivinjari kisicho na JavaScript, kile kisanduku ni picha ya kitufe tu.

Kwa simu za KaiOS jambo ni la hila zaidi, kwa sababu simu hizi zina JavaScript, ila ni ya zamani. KaiOS 2.5 hutumia injini ile ile iliyokuwa katika Firefox 48, ya Agosti 2016. Neno "async", ambalo waandishi wa programu wa siku hizi hulitumia kila mahali, liliingia Firefox katika toleo la 52, Machi 2017. Sasa hapa yafaa msomaji aelewe tofauti moja kubwa. Lugha ya HTML imeundwa kwa uvumilivu: kivinjari kikikutana na kitu kisichokijua hukiruka, au hukifanya kama kitu cha kawaida. JavaScript haina uvumilivu huo. Kivinjari husoma faili zima kwanza kabla ya kutekeleza hata mstari mmoja, na kikikuta muundo mmoja kisioufahamu, hulikataa faili lote. Basi neno moja la 2017, lililo katika mstari wa mia tisa, laweza kuua kitufe kilichoandikwa katika mstari wa kumi. Wala hakuna ujumbe wowote unaotokea kwenye kioo cha simu.

Dawa yake ni kuandika fomu ya kweli: yenye anwani ya kupelekwa, njia ya POST, na kitufe halisi cha kutuma, ambayo hufanya kazi hata JavaScript ikizimwa. Programu iongezwe juu yake kwa ajili ya kurahisisha mambo, isiwe ndiyo nguzo. Fundi hahitaji hata simu ili kulipima hili; azime JavaScript katika kompyuta yake mwenyewe, ajaribu kutuma.

Uvumilivu wa HTML nao una gharama ndogo. Nafasi ya tarehe, inayofungua kalenda katika kivinjari kipya, huwa nafasi ya maandishi ya kawaida katika kile cha zamani. Mwananchi ataandika 3/4/1998, na seva inayongoja 1998-04-03 itamkataa. Nafasi tatu tofauti, za siku, mwezi na mwaka, hufanya kazi kila mahali.

Kufuli na saa

Ipo hali nyingine ambamo daftari halina mstari hata mmoja, wala wa kuomba ukurasa. Hapa mazungumzo yamevunjika kabla ya ukurasa wowote kutajwa, na mara nyingi yamevunjika kwenye kufuli.

Tovuti nyingi leo huzungumza kwa njia ya siri iitwayo TLS. Toleo lake la 1.0 ni la 1999, la 1.2 ni la 2008, na la 1.3 ni la 2018. Machi 2021 chombo kinachosimamia viwango vya Intaneti kilitangaza kwamba matoleo ya 1.0 na 1.1 yasitumike tena kwa kuwa ni dhaifu. Simu iliyotengenezwa na kivinjari kinachojua 1.0 pekee hufika kwenye seva isiyokubali chini ya 1.2, na wawili hao hawana lugha ya pamoja.

Kuna pia suala la vyeti. Simu hutoka kiwandani ikiwa na orodha ya mamlaka inazoziamini, na kila cheti cha tovuti sharti kithibitishwe na mojawapo. Vyeti hivyo vya mamlaka navyo vina mwisho. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda cheti kiitwacho DST Root CA X3, ambacho kwacho vifaa vingi vya zamani viliziamini tovuti zenye vyeti vya Let's Encrypt. Vifaa ambavyo orodha yake haikuwa na cheti kipya cha kuchukua nafasi yake vikaanza siku hiyo kuzikataa tovuti zilizokuwa zikifunguka jana yake.

Lakini kabla ya kufika kwenye mambo hayo mazito, mwulize mlalamikaji simu yake inasema leo ni tarehe ngapi. Simu nyingi za vitufe zikitolewa betri husahau saa, na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Simu inayodhani tuko katika mwaka uliopita zamani hukitazama cheti cha tovuti na kuona kwamba muda wake haujaanza, hivyo hukikataa. Hakuna kipimo kilicho rahisi kuliko hiki, tena kinaweza kufanywa kwa kuulizana kwa sauti.

Ikiwa ukurasa wenye fomu umefunguka vizuri ila fomu tu haitoki, usikimbilie kulaumu kufuli. Kwanza linganisha anwani ya ukurasa na anwani ambako fomu inapelekwa. Kama ni seva mbili tofauti, yawezekana kufuli la kwanza lafunguka na la pili halifunguki.

Wako wanaoshauri kwamba kwa ajili ya simu za zamani tuache mlango usio na kufuli. Kwa kurasa za kusomwa tu, kama bei za mazao, nakubaliana nao. Kwa fomu inayobeba namba ya kitambulisho cha mtu, la hasha. Afadhali mwananchi huyo apewe njia ya menyu za namba za simu, au dawati la kujaziwa fomu.

Barua iliyoanguka kutoka bahasha

Sasa tuje kwenye hitilafu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayowadhulumu watu bila ya yeyote kushuku. Mwananchi anajaza fomu, anatuma, simu inafikiri kidogo, kisha inamwonyesha fomu ile ile ikiwa tupu. Baadhi yao hudhani fomu imepokelewa na kwamba wanaalikwa kujaza nyingine. Katika daftari kuna mistari miwili iliyofuatana:

POST /sajili 301
GET /sajili 200

Namba 200 maana yake ni kwamba jibu limetolewa bila hitilafu, na fundi mwenye haraka huiona hiyo na kuridhika. Siri iko katika mstari wa kwanza. Namba 301 maana yake ni, "Ukurasa huu umehamia kwingine kwa kudumu, nenda kwenye anwani hii." Seva ilitoa jibu hilo kwa sababu fomu iliandikwa zamani, wakati tovuti haikuwa na kufuli, na anwani yake ya kupelekea ikabaki ikianza na http. Seva inapoona hivyo humwelekeza mgeni kwenye https. Kivinjari hutii, ila vivinjari, kwa desturi ya tangu siku za mwanzo, vikipewa 301 baada ya POST huenda kwenye anwani mpya kwa njia ya GET. Kwa maneno mengine, huenda mikono mitupu. Bahasha imefika, barua imebaki kwenye mlango wa kwanza. Desturi hii ilikuwa imeenea mno hata waandishi wa viwango, mwaka 2014, wakairuhusu kwa maandishi.

Kwa nini basi kompyuta ya fundi haikuonyesha kosa? Hili ndilo linalopendeza katika uchunguzi huu. Tangu 2012 kuna kiwango kinachoiruhusu tovuti kukiambia kivinjari, "Kuanzia leo, ukija kwangu tumia https daima." Kivinjari kipya hulikumbuka agizo hilo. Kwa hiyo fundi anapotuma fomu, kivinjari chake hurekebisha anwani chenyewe kabla ya kuondoka, wala hakipiti kwenye ule mlango wa kwanza. Kivinjari cha zamani hakilijui agizo. Hupita mlango wa kwanza kama kilivyoandikiwa, na humo mzigo huanguka. Kosa ni la fomu tangu mwanzo. Kompyuta ya fundi imelificha, na simu ya mwananchi imelifichua.

Kulisahihisha kwatosha mstari mmoja: anwani ya kupelekea iandikwe kamili kwa https, au iandikwe jina la ukurasa tu bila ya kutaja http. Kosa la jamaa moja na hili hutokea pale seva inapoongeza mkwaju mwishoni mwa anwani, au herufi www mwanzoni, kwa njia ya 301. Ipo namba 307, ambayo huamuru mzigo ubebwe, na 308 iliyokuja baadaye sana. Lakini kivinjari kilichotangulia 308 hakitajua la kufanya nayo. Ni bora fomu isielekezwe popote.

Alama mbili zenye matata

Turudi kwenye mstari wetu wa Mto wa Mbu. Tulisema alama ya kujumlisha iliyo katika namba ya simu huandikwa %2B, kwa sababu alama yenyewe tayari imepewa kazi ya kuwakilisha pengo. Kivinjari kikiiandaa fomu chenyewe hakikosei. Lakini mwandishi wa programu akiunga mstari kwa mkono, akasahau kugeuza alama, itapelekwa +255 kama ilivyo, na seva itasoma pengo likifuatwa na 255. Kama seva inadai namba ianze kwa alama ya kujumlisha, itaikataa. Kama haidai, itaihifadhi pamoja na pengo, na ujumbe wa kumwita mwananchi hautafika. Seva yenye busara hupokea namba kwa sura zote ambazo watu huziandika, yaani inayoanza na sifuri, na 255, na +255, hata yenye mapengo katikati, kisha huzigeuza zote kuwa sura moja.

Alama ya pili ni king'ong'o, na hiyo ni yetu hasa. Katika vitufe vya namba, kwa kawaida imefichwa chini ya kitufe cha 1, kwa hiyo wengi huandika "ngombe". Baadhi ya simu na kompyuta nazo huinyoosha alama hiyo au kuipinda. Alama iliyonyooka huchukua baiti moja. Iliyopindwa, kwa uandishi wa UTF-8, huchukua tatu. Hivyo "ng'ombe" ni baiti 7 katika hali ya kwanza na 9 katika ya pili, na kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. Seva ikiusoma uandishi huo kwa kanuni ya zamani ya Windows, katika orodha itatokea "ngâ€™ombe", jambo ambalo msomaji huenda amekwisha kuliona mahali.

Mabaya zaidi ni zile seva zinazokataa king'ong'o kabisa. Watengenezaji wake wameambiwa, na ni kweli, kwamba alama hiyo hutumiwa na wahalifu kupenyeza amri katika hifadhidata. Lakini kinga sahihi ni kuzitenga amri na maelezo yaliyojazwa, njia ambayo hifadhidata zote zinazotumika kwa wingi zinayo. Kuikataa alama katika nchi yenye majina mengi yanayoanza kwa Ng'w ni kumwambia raia kwamba jina lake ni kosa.

Karani wa katikati

Opera Mini ilianza kujaribiwa Norway mwaka 2005, ikatolewa kwa dunia nzima Januari 2006. Simu haiendi kwenye tovuti. Hupeleka ombi kwa seva za Opera, ambazo huchukua ukurasa, huupanga, huubana, na kuurudisha simuni ukiwa mdogo sana. Kwa mtu anayelipia kila megabaiti hii ilikuwa neema, na ndiyo sababu ilipendwa sana barani Afrika.

Kwa mchunguzi, hata hivyo, kuna mambo ya kukumbuka. JavaScript hutekelezwa katika seva ya Opera, na kwa muda mfupi tu. Programu inayongoja sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha kitufe huenda isikionyeshe kamwe. Pili, daftari la wageni litaonyesha anwani ya seva za Opera, si ya simu. Watu mia moja kutoka wilaya mia moja wanaweza kuonekana kama mgeni mmoja. Tovuti iliyowekewa ulinzi wa kumfungia mgeni anayetuma fomu nyingi kwa dakika moja itawafungia wote, kwa namba ya 403 au 429. Anwani halisi ya simu hutajwa pembeni, katika maelezo yaitwayo X-Forwarded-For, na huko ndiko ulinzi utazame pale ombi linapotoka kwa Opera kweli. Tatu, njia inayobana kurasa kiasi hicho haiwezi kuwa ya siri kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa karani wa katikati hufungua barua ili aibane.

Muda wa kuandika

Fomu nyingi hubeba namba ya siri isiyoonekana, ambayo seva huitoa pamoja na ukurasa na kuidai irudi na fomu, ili kuzuia tovuti nyingine isitume fomu kwa jina la mtu. Namba hiyo hufungamana na kidakuzi, yaani alama ndogo ambayo seva huiacha ndani ya kivinjari. Kivinjari kilichozimwa vidakuzi hakiwezi kufaulu, na jibu lake mara nyingi ni 403.

Lakini sababu iliyo ya kawaida zaidi ni muda. Mwandishi wa programu huweka dakika 15 au 20, akipima kwa mikono yake iliyo juu ya kibodi. Tuhesabu jina la mji wa Musoma katika vitufe vya namba: M mbonyezo 1, u 2, s 4, o 3, m 1, a 1. Herufi sita zimedai mibonyezo 12. Tena o na m ziko kwenye kitufe kimoja, hivyo mwandishi sharti angoje kidogo kati yake. Fomu ya nafasi ishirini kwa mwendo huu, pamoja na kuinuka kutafuta cheti cha kuzaliwa sandukuni, yaweza kupita dakika hizo kwa urahisi. Namba ikiisha muda, adabu ni kurudisha fomu ikiwa na yote yaliyojazwa na namba mpya, ili mtumiaji abonyeze Tuma tena tu.

Fomu iliyofika mara mbili

Yabaki hali iliyo kinyume cha zote: fomu imefika, imehifadhiwa, lakini jibu halikurudi. Simu nyingi za GPRS husimamisha data mara mtu anapopigiwa simu. Mazungumzo yakidumu dakika tatu, jibu la seva limekwisha kata tamaa. Hata bila ya hilo, mtandao wa polepole hujaribu subira. Tukikadiria kwamba safari ya kwenda na kurudi huchukua sekunde 0.7, basi kuuliza anwani ni safari moja, kufungua mazungumzo ni moja, kufuli la TLS 1.2 ni mbili, na kupeleka fomu na kupata jibu ni moja: jumla safari tano, yaani sekunde 3.5, kabla ya kuhesabu uzito wa ukurasa wenyewe. Mtu aliyeona kimya kwa muda huo hubonyeza tena, na daftari huonyesha POST mbili.

Kumkataza asibonyeze mara mbili ni kazi bure. Afadhali seva itie katika kila fomu namba ya pekee iliyofichwa, na ikipokea fomu yenye namba iliyokwisha kuihifadhi, isiandike mara ya pili, bali irudishe jibu lile lile la mara ya kwanza. Hapo mwananchi anaweza kubonyeza hata mara kumi.

Jibu lenyewe liwe jepesi, lisilo na picha, na mstari wake wa kwanza kabisa uwe namba fupi ya stakabadhi, ili ionekane hata kama ukurasa umekatika katikati. Namba hiyo hiyo iandikwe katika daftari la seva kando ya saa na njia ya ombi. Ndiyo mwananchi atakayoitaja akija dirishani, na ndiyo fundi atakayoanza nayo kutafuta.